Jibu: Mtunzi wa "Yesu kwetu ni rafiki", na suala la tuni mbili

Ndugu, umeuliza nani alitunga wimbo wa kanisani "Yesu kwetu ni rafiki", na kama mwalimu wenu wa kwaya hapo Urambo amekosea kuyaimbisha maneno yake kwa tuni (sauti ya wimbo) ya Beethoven, mtunzi wa muziki Mjerumani. Hajakosea.

Watunzi ni wawili. Maneno ya asili, ya Kiingereza, ni ya Joseph Scriven, mzaliwa wa Ireland aliyehamia Kanada. Aliyaandika mnamo 1855 kumfariji mama yake. Tuni ni ya Charles Converse, Mmarekani aliyekuwa pia mwanasheria, nayo ilikuja 1868.

Kinachoruhusu kubadilishana ni hesabu ya silabi: 8 kisha 7, hadi mistari minane itimie. Ile tuni ya Beethoven ya kuisifu furaha ina hesabu hiyohiyo, basi maneno yanakaa. Tatizo ni mstari wa silabi 7: pigo zito huangukia silabi ya mwisho, na Kiswahili hukazia ya pili kutoka mwisho. Sikilizeni "pia", neno la mwisho la mstari wa pili, inavyovutwa kwenye "a". (Hata kwa Converse ni hivyohivyo, tumezoea tu.)

Ila msibani msiithubutu ya Beethoven. Inachangamka mno.