Sema Kwanza Unachokiona, Ndipo Uwashe Rangi

Ukianza kazi ya akili mnemba kwenye upasuaji wa matundu madogo, video utakazokesha nazo karibu zote ni za kutoa kifuko cha nyongo. Usizichoke. Upasuaji huu hufanywa kila mahali, hatua zake hufuatana kwa mpangilio ule ule, na hatari yake kubwa inajulikana: kukata mrija mkuu wa nyongo ukidhani ni ule mwembamba wa kifuko.

Kabla hujagusa kompyuta, elewa kosa hilo hutokeaje. Mwaka 2003 daktari wa upasuaji Lawrence Way na wenzake walichapisha uchambuzi wa visa 252 vya mirija ya nyongo iliyojeruhiwa kwenye upasuaji huu. Katika asilimia 97, chanzo kikuu kilikuwa jicho kudanganyika; ustadi wa mkono haukuwa tatizo. Daktari aliona mrija, akaamini ndio wenyewe, na kila alichokiona baadaye kikazidi kumthibitishia. Hakuwa mzembe. Mtu wa namna hiyo hahitaji mashine ya kumwelekeza mkono, anahitaji ya kumtia shaka mapema.

Mimi nilianza kwa kuifundisha mashine kutambua vifaa: koleo, mkasi, klipu. Wageni walipenda sana kuiona. Lakini daktari anajua ameshika nini! Kilichokuja kutufaa ni masharti matatu ya daktari wa upasuaji Steven Strasberg ya mwaka 1995, ya kutimizwa kabla hujakata mrija: pembetatu iliyo kati ya ini na mirija isafishwe mafuta na nyuzi, sehemu ya chini ya kifuko ibanduliwe kwenye ini, na vitu viwili tu vionekane vikiingia kwenye kifuko. Mashine ikikwambia sharti la pili bado, hapo imekusaidia.

Kosa langu kubwa lilikuwa la hesabu. Video huwa na picha kama 25 kwa sekunde. Nilizichanganya zote, ndipo nikatenga za kufundishia na za kupimia. Alama zikapanda ajabu, nikatembea kifua mbele wiki nzima. Kumbe mashine ilikuwa inapimwa kwa wagonjwa wale wale iliokwisha kuwasoma, pengine nukta moja tu baadaye. Nilipogawa upya kwa mgonjwa, alama zikaporomoka. Basi gawa kwa mgonjwa, na ukiweza, pima kwa video za hospitali nyingine kabisa. Cholec80, mkusanyiko wa video za upasuaji huu kutoka Strasbourg, Ufaransa, uliotufundisha wengi, una video 80 za madaktari 13. Ni hazina, ila usiichukulie kuwa ndiyo dunia nzima.

Kwenye kuchora alama juu ya picha za kufundishia mashine, kila daktari achore peke yake bila kuona za mwenzake. Wakitofautiana, usikimbilie wastani: wanapobishana wao, mashine nayo ifundishwe kusita. Vivyo hivyo moshi wa kisu cha umeme ukitanda au lenzi ikishika ukungu, inyamaze. Na kamera ikitolewa tumboni huendelea kurekodi nyuso za watu chumbani. Kata vipande hivyo kabla hujahifadhi chochote.

Ukiingia chumba cha upasuaji, tamka kwa sauti unachokiona huku rangi za mashine, zile inazopaka juu ya picha kuonyesha inachodhani imekitambua, zikiwa zimezimwa. Ukishaiona kijani kwenye skrini, jicho lako halitakuwa lako tena. Siku moja tulikuwa na kifuko kilichovimba na kugandamana na ini, na video tulizoifundishia mashine zilikuwa nyingi za vifuko laini. Nilitamka kwamba mrija wa kifuko siuoni. Tulipowasha, kijani kikatanda palepale nisipoona kitu. Mkubwa wangu akaniuliza tena, nikarudia jibu lile lile. Kijani kilikuwa bado kinawaka alipoamua kukata kifuko nusu na kuiacha shingo yake bila kuigusa.