Mradi wa Maven unajengeka, lakini ukiendeshwa unatoa NoSuchMethodError

Ndugu, mradi ukijengeka bila tatizo kisha ukaanguka kwa NoSuchMethodError (Java haipati mbinu iliyoitwa) kwenye Guava, maktaba ya Java ya Google, karibu kila mara sababu ni moja: moduli imekompailiwa kwa toleo moja, inaendeshwa kwa jingine. Maven, zana ya kujenga miradi ya Java, haichagui toleo jipya zaidi. Inachukua lililo karibu na mzizi wa mti wa vitegemezi (maktaba ambazo mradi unazitegemea). Umbali ukilingana, lililotajwa kwanza linashinda. Kwa hiyo hata kuongeza maktaba isiyohusiana kunaweza kukushushia toleo kimyakimya.

Anza na:

mvn dependency:tree -Dverbose -Dincludes=com.google.guava

Tumia maven-dependency-plugin toleo la 3.2.0 au jipya zaidi. Tafuta mistari yenye "omitted for conflict with". Hapo utaona nani kaleta toleo lipi.

Kisha weka toleo moja kwenye sehemu ya dependencyManagement ya pom mama (faili la pom.xml ambalo moduli zote zinarithi), na ufute version katika moduli zote. Hili la kufuta watu hulisahau, na moduli moja iliyobaki na version yake inaharibu kazi yote. Usikimbilie exclusions (kuondoa kitegemezi kilicholetwa na kingine): zinaficha mgongano, hazipangi matoleo.

Ili tatizo lisirudi, ongeza plagini ya Enforcer, inayosimamia kanuni za ujenzi, na kanuni ya dependencyConvergence, inayodai toleo moja kwa kila kitegemezi. Seva ya ujenzi itasimamisha ujenzi mapema, kwenye hatua ya validate.

Kama una vitegemezi vya SNAPSHOT (matoleo yanayoendelea kutengenezwa), kwa kawaida Maven hukagua vipya mara moja tu kwa siku, hivyo kompyuta yako na seva zinaweza kutofautiana. Endesha mvn kwa -U ili ilazimike kukagua.