Kuzidiwa baada ya kuanza ARV: asiache dawa

Pole sana dada. Umesema kaka yako alianza dawa za TB, akafuatia ARV, na sasa wiki ya tatu homa imerudi, tezi za shingoni zimevimba, na nyumbani wanasema ARV ndizo zinazommaliza. Asiache. Mimi nimeyapitia hayohayo.

Nilianza ARV CD4 (seli za kinga) zikiwa chini ya 100. Mwanzoni nilipata nafuu, hamu ya kula ikarudi. Kisha tezi ya chini ya taya ikavimba, ikawa ngumu na ya moto, shingo haigeuki, usiku shuka linalowa jasho.

Tumezoea kusema VVU vinaua kinga, lakini hiyo ni nusu ya habari. CD4 ndizo zinazoziongoza seli nyingine za kinga, lini zipigane na lini zitulie. Virusi vikizimaliza, mwili unakosa nguvu na unakosa pia breki. Uharibifu unaanzia utumboni, wiki za mwanzo kabisa za maambukizi. Ukuta wa utumbo ukidhoofika, chembechembe za bakteria hupenya kwenye damu, na kinga inabaki imechokozwa muda wote, jambo linaloumiza hadi moyo na mishipa. Utafiti wa SMART, uliochapishwa 2006, ulionyesha kuwa walioachishwa ARV kwa vipindi walikufa zaidi, na magonjwa ya moyo, figo na ini yakaongezeka kwao.

ARV zikivituliza virusi, kinga inaamka, inakuta vijidudu vya TB na kuvivamia kupita kiasi. Hali hiyo inaitwa IRIS. Hutokea zaidi ndani ya miezi 3 ya mwanzo, hasa kwa walioanza na CD4 chache sana.

Ila si kila uvimbe ni IRIS. Huenda ni TB sugu. Mpeleke CTC (kliniki ya VVU) kesho na kadi zote mbili, apimwe. Mimi daktari alinipa prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe, huku dawa zote zikiendelea. Tafadhali msijinunulie prednisolone duka la dawa, maana inashusha kinga. Muulize daktari pia kuhusu dolutegravir, mojawapo ya ARV: rifampisini, dawa ya TB, huipunguza mwilini, kwa hiyo anayetumia zote mbili huongezewa kidonge cha miligramu 50, saa 12 baada ya kile cha kwanza.

Akianza kuumwa kichwa sana, kutapika au kuchanganyikiwa, msingoje kesho. Hospitali usiku huohuo.