Kisukari cha dawa, macho yanayougua, na vitabu viwili vya misimbo

SWALI: Yaya, jambo. Ninafanya kazi kwenye chumba cha mafishi cha hospitali moja hapa Bukavu, na usiku ninajifunza kwa intaneti usimbaji wa Kimarekani, yaani kuyapa magonjwa misimbo. Nina fishi ya mama wa miaka 52. Amemeza prednisoloni miaka 3 kwa ajili ya viungo, ameandikiwa na daktari, na bado anaimeza. Sukari ilionekana mwaka jana, sasa anatumia metformini. Daktari wa macho ameandika: retinopatia ya kisukari (retina, utando wa nyuma ya jicho, imeharibika) ya kiwango cha kati, mishipa mipya haijaota, jicho la kulia makula, yaani kitovu cha retina, imevimba, la kushoto haikuvimba, mtoto wa jicho macho yote mawili. Niliweka E11.3, ya kisukari cha aina ya 2 kilichogusa macho, mwalimu akaikataa, akasema E09. Lakini kwenye kitabu chetu cha kazini hiyo E09 siioni kabisa! Nani ana haki?

JIBU: Jambo, mdogo wangu. Mwalimu ana haki, na macho yako pia ni mazima. Una vitabu viwili mkononi na unavisoma kama kimoja. Hospitali yako inatumia CIM-10, kitabu cha misimbo ya magonjwa cha Shirika la Afya Duniani. Mwalimu anafundisha toleo ambalo Wamarekani wamelipanua kwa mahitaji yao. Kisukari kilicholetwa na dawa kina nyumba yake, E09, katika hilo la pili tu.

Tuanze na la mwalimu. Msimbo wa macho husomwa tarakimu kwa tarakimu. E09 ni kisukari cha dawa au kemikali. 3 ya kwanza baada ya nukta ni macho. Inayofuata ni ukali wa retinopatia: 2 ni hafifu, 3 ya kati, 4 kali, 5 ile iliyokwisha kuotesha mishipa mipya. Kisha uvimbe wa makula: 1 upo, 9 haupo. Ya mwisho ni jicho lenyewe: 1 kulia, 2 kushoto, 3 yote mawili. Kwa hiyo jicho la kulia ni E09.3311 na la kushoto ni E09.3392. Ni misimbo miwili, kwa sababu macho yake hayako katika hali moja. Ungeweka 3 mwishoni ungekuwa umemzushia uvimbe kwenye jicho ambalo halina.

Baada ya hapo inakuja dawa: T38.0X5A, yaani madhara ya glukokortikoidi (kundi la dawa ambalo prednisoloni imo) iliyoandikwa sawasawa na kumezwa sawasawa. Hiyo X usiiruke. Imewekwa kushika nafasi tu, lakini bila yake msimbo unarudishwa. Ongeza Z79.84 kwa vidonge vya sukari na Z79.52 kwa kuwa prednisoloni anaendelea nayo. Angekuwa kwenye insulini, ingeingia Z79.4.

Sasa angalia jambo ambalo kwetu hutokea kuliko wanavyodhani wanaoandika masomo hayo. Mama huyu aliandikiwa dawa. Lakini yule dada anayenunua deksa (deksamethasoni, ndugu ya prednisoloni) kwenye kibanda, bila karatasi ya daktari, ili anenepe mashavu? Daktari akieleza kwamba dawa ilitumiwa vibaya, hayo si madhara ya kawaida tena, yanahesabiwa kuwa sumu: T38.0X1A, nayo inatangulia, E09 inafuata nyuma. Tarakimu moja imebadilika, na mpangilio wote umegeuka.

Mtoto wa jicho ndiye atakayekusumbua. Kitabu cha Marekani kinaruhusu kumhesabu kuwa wa kisukari, E09.36, mradi daktari hajasema ametoka kwingine. Ila prednisoloni yenyewe hutengeneza mtoto wa jicho, mara nyingi kwenye tabaka la nyuma la lenzi, hata kwa mtu asiye na sukari. Daktari akiandika hivyo, ni H26.33 kwa macho yote mawili, na T38.0X5A ile ile inatosha kumtaja mkosaji.

Kuna kitu kingine kwenye fishi hiyo kinachonikwaruza. Sukari imeonekana mwaka jana tu, na retinopatia imeshafika kiwango cha kati? Kwa kawaida retina huchukua miaka kuharibika hivyo. Huenda mama alikuwa na kisukari cha aina ya 2 kimyakimya, prednisoloni ikaja kukichochea. Ikiwa ndivyo, E09 inaanguka: unarudi E11 na macho yake (E11.3311, E11.3392), unaongeza E11.65 kwa sukari iliyopanda, na T38.0X5A inabaki. E09 na E11 hazikai pamoja kwa mgonjwa mmoja. Lakini si mimi wala wewe wa kuamua hilo. Chukua fishi, panda kwa daktari, umuulize aandike kwa mkono wake: kisukari hiki kimeletwa na dawa au kilikuwepo? Na mtoto wa jicho ametoka wapi? Akiandika «labda» kwa mgonjwa asiyelazwa, Wamarekani hawakuruhusu kuisimba hiyo labda.

Kwa kitabu cha kazini kazi ni fupi. Kisukari cha dawa kinaingia E13, «kisukari kingine kilichobainishwa»: E13.3 yenye alama ya msalaba (ugonjwa ulio chanzo), ikifuatana na H36.0 yenye nyota (unachojitokeza nacho) kwa retinopatia, na H28.0 yenye nyota kama mtoto wa jicho ni wa kisukari. Akiwa wa dawa, ni H26.3. Glukokortikoidi yenyewe ni Y42.0. Kulia na kushoto humo hakuna, wala kiwango cha ukali; usipoteze saa kuvitafuta. Na E11.3 yako, hata humo, ingesimama tu kama daktari angeandika aina ya 2.