Jeki ya tani kumi ilikataa kuingia: ushauri wa jeki na stendi kwa wenye vani za kulala porini

Watu wakiona HiAce yangu ya four-wheel wanauliza maswali yaleyale, sola ni wati ngapi, friji inakula betri aje, kitanda kilifungwa na fundi gani. Hakuna mtu amewahi kuniuliza nabeba jeki gani. Na siwalaumu, hata mimi sikuwa nimejiuliza hadi ile Jumamosi ya Magadi.

Hiyo jeki nilikuwa nimeinunua Kirinyaga Road, zile duka za spea ambapo bei inategemea viatu ulivyovaa. Nikamwambia muuzaji vani yangu ni nzito, nimejaza tangi la maji, mbao, betri mbili, nataka kitu cha uhakika. Akanitolea jeki nyekundu ya chupa (ile ya mafuta yenye umbo la chupa, unapampu kwa mpini), nzito kama jiwe la kusagia. "Chukua hii ya tani kumi bosi, hii inainua lori." Nikalipa nikitabasamu. Ukiambiwa yako inainua lori unaona umemaliza, unaitupa chini ya kitanda na kuisahau.

Sasa tukatoka Nairobi, tukashuka Ole Polos, tukapita Olorgesailie, tukafika Magadi, tukavuka ziwa kuelekea upande wa Nguruman. Saa nane mchana, joto la huko wanaolijua wanalijua. Mahali fulani kwenye mawe tairi ya nyuma kushoto ikapasuka ubavuni, hiyo si pancha ya kuziba, hiyo imekufa. Tukatoa godoro, tukatoa meko, tukatoa mtungi wa gesi, ndio tufikie jeki maana ilikuwa chini ya kila kitu (kosa namba moja, nitarudi hapo). Nikalala chini, nikaisukuma kwa ekseli, ikagonga. Nikaigeuza, ikagonga. Jeki imeshushwa mpaka mwisho na bado ni ndefu kuliko nafasi iliyopo.

Nilipofika nyumbani nilipima ndio nielewe. Tairi ikiwa na upepo, kutoka chini hadi tumbo la ekseli karibu na gurudumu ni sentimita 27. Tairi ikiisha upepo ekseli inashuka hadi 18 hivi. Jeki yangu ya tani kumi ikiwa imeshuka yote ni sentimita 23. Kwa hivyo nilikuwa nimebeba kitu cha kubadilisha tairi ambacho kinaingia tu kama tairi ni nzima!

Na hapa ndio wengi tunapotea. Jeki za chupa jinsi tani zinavyopanda ndivyo mwili wake unavyorefuka kwa kawaida, yule anayenunua kubwa "ili awe salama" anajinunulia urefu asiouhitaji. Uzito wenyewe si mkubwa vile unafikiria. Nilipeleka vani kwa mizani ya magari huko Industrial Area ikiwa imejaa kila kitu, maji na mafuta pamoja, ikaja kilo 2,780, na ekseli ya nyuma peke yake kama 1,600. Ukiinua kona moja ya nyuma unabeba takriban nusu ya hiyo, kilo mia nane. Ongeza kidogo kwa sababu gari imeinama upande na uko mlimani, bado jeki nzuri ya tani tatu au nne inatosha na inabaki. Tani kumi nilikuwa nabebea nani?

Turudi Magadi. Kwa kuwa jeki haikuingia, nikachimba. Sikuwa na jembe, nilichimba na kifuniko cha sufuria na mwiko wa ugali, bibi yangu ananiangalia bila kusema kitu na huo ukimya nilikuwa nausikia kwa shingo. Nikapata shimo, jeki ikakaa ndani ya udongo uliovurugika, bila ubao wala nini. Nikapampu, gari ikapanda, spea ikatoka (HiAce spea iko chini ya tumbo kule nyuma, na tairi ya nyuma ikiwa imelala spea haitoki hadi uinue, hilo pia jaribu nyumbani kabla ya safari). Nikafungua nati, nikatoa tairi mbovu nikaiviringisha kando, nikageuka kuchukua spea. Ndio nikasikia kishindo.

Jeki ilikuwa imelala ubavu kama mlevi. Ngoma ya breki imeuma ardhi. Kama ningekuwa nimepitisha mkono pale ndani kushika tairi leo ningekuwa naandika hii kwa vidole vichache.

Hesabu ya lile shimo ni rahisi tu. Kitako cha jeki ya chupa ni kama sentimita kumi kwa kumi. Ukiweka kilo 800 juu yake kila sentimita mraba inabeba kilo nane, na udongo wa vumbi hauwezi hiyo. Weka chini yake ubao wa sentimita thelathini kwa thelathini, sasa kila sentimita mraba inabeba chini ya kilo moja. Gari ni ileile, ila ardhi inasikia mguu wa mtu badala ya kisigino cha kiatu kirefu. Ubao uwe mgumu na mnene, mimi nilikata viwili Gikomba kwa wauza mbao, unene wa sentimita nne, plaiwudi nyembamba itapinda tu. Lakini ona, ubao wa sentimita nne unakula nafasi ya sentimita nne. Ukiwa na 18 chini ya ekseli, toa nne, imebaki 14. Kwa hivyo wakati unapima usisahau ubao.

Aliyetuokoa ni dereva wa pikapu iliyobeba mabamia kutoka Nguruman, na mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa na mbuzi zake karibu, aliyekaa kivulini akatazama yote kabla ya kuinuka. Dereva akaangalia jeki yangu akacheka hadi akashika kiuno. "Bro, hii ni ya kuinua nyumba." Yeye alikuwa na jeki ndogo ya mkasi, ile inakujaga na gari, na kipande cha mbao chenye mafuta tele. Mzee akatuma vijana wawili walete mawe bapa, si mawe ya duara, aliyarudisha mawili akisema, "Hili litakimbia, kijana wangu." Tukainua kidogo kwa jeki ya mkasi, tukapanga mawe, tukainua tena, tukapanga tena. Saa kumi na moja jioni tulikuwa tumefunga spea.

Siku hizi nabeba jeki ya chupa ya tani nne ya hatua mbili, ile bomba moja linatoka ndani ya lingine, inaanza chini lakini inafika juu sana kuliko ya kawaida ya urefu huo. Na kabla hata sijaileta, kama gari inaweza kusogea kidogo, naweka ubao mmoja mbele ya tairi iliyoisha upepo naipandisha hapo polepole. Tayari nimepata sentimita nne bure kabla ya kupampu. Hiki kimbinu kingeniokoa ile siku na sikukijua.

Juu pia pana hesabu. Tairi nzima inataka nafasi kubwa kuliko ile mbovu uliyotoa, kwa hivyo jeki lazima ifike juu ya ule urefu wa kawaida wa ekseli na kidogo zaidi. Ukiishiwa, usianze kupanga mawe juu ya jeki, chimba chini ya gurudumu badala yake. Ukiinulia kwa chesisi badala ya ekseli ndio utashangaa, maana springi zinanyooka kwanza, gari inapanda na tairi bado iko chini imetulia. Nyuma mimi nainulia ekseli yenyewe. Mbele ya HiAce hakuna ekseli nzima, kila gurudumu lina mikono yake, hapo fuata alama za kitabu cha gari na usiguse sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Kuhusu Hi-Lift, ile jeki ndefu watu wa Land Cruiser wanafunga kwa bonet. Najua inapendeza kwa picha. Lakini inataka bampa ya chuma au mahali pa kunasia, na vani nyingi zina bampa ya plastiki na bati laini ubavuni, utainua plastiki ubaki na gari chini. Mpini wake pia ukiponyoka unarudi kwa nguvu ya kuvunja taya, na tope likiingia kwa pini inakwama. Kama hujachomelea sehemu za kuishikia, achana nayo. Ile ya puto inayojazwa na moshi wa egzosi ni tamu kwenye mchanga kwa sababu kitako chake ni kipana, lakini ichunge na miiba na bati kali na bomba la egzosi lenyewe likiwa moto. Mimi sina, sijapata mchanga wa kunishinda nikiwa na mbao zangu mbili.

Sasa stendi. Jeki inainua, stendi ndio inashika. Jeki ya mafuta inaweza kushuka yenyewe sili ikichoka, polepole au ghafla, na haikupigii simu kwanza. Kama unaingia chini ya gari hata kwa dakika moja kufunga boli ya egzosi, gari ikae kwa stendi. Mafundi wa mtaani wanaweka mawe ya kujengea, yale ya machimbo, na nimeona vile yanapasuka katikati bila ishara yoyote, kwangu hilo ni hapana hata fundi akisema amefanya hivyo miaka ishirini.

Kuna za meno, unainua tu inajishika, na kuna za pini, bomba lenye matundu unapitisha chuma. Nilichagua za pini. Za meno ni haraka, lakini meno yakishika vumbi na kutu yanaweza kushika nusunusu, na mwaka 2020 kule Marekani zilirudishwa dukani stendi za meno zaidi ya milioni moja kwa sababu zingeweza kuteleza zikiwa na mzigo. Pini unaiona kwa macho, imepita au haijapita. Ukishaweka gari, kabla ya kuingia chini isukume kwa bega kwa nguvu, kama itaanguka ianguke ukiwa nje.

Angalia pia maandishi ya uzito, kuna zinazoandikwa tani tatu na maana yake ni mbili zikiwa pamoja, si kila moja. Miguu iwe mipana, na ile yenye ncha nne nyembamba inazama kwenye udongo kama visu, inataka ubao chini. Safarini nabeba stendi moja tu fupi, zingine zinabaki nyumbani Kasarani, uzito ni uzito. Nikitoa tairi porini hiyo tairi naisukuma chini ya chesisi imelala, jeki ikianguka gari inakalia tairi badala ya mtu.

Halafu mambo madogo. Legeza nati kabla ya kuinua. Zuia magurudumu ya upande ule mwingine kwa mawe, kuweka gia peke yake hakusaidii sana ukiinua gurudumu la nyuma kwa sababu lile lililo hewani linaweza kuzunguka na gari ikaondoka. Weka laifseva mbili, zile pembetatu za onyo, mahali dereva mwingine ataziona, si mita tano nyuma ya gari kama pambo. Jeki ikianza kuwa laini unapampu haipandi, fungua valvu upampu mara kadhaa kutoa hewa, na ukiongeza mafuta weka ya jeki, ya breki yanakula sili. Isafiri imesimama. Na watu wa kupenda kulala gari ikiwa sawa, tafadhali usisawazishe vani kwa jeki halafu ulale ndani, mtu akijigeuza usiku mtaamkia kwa mlango. Panda juu ya mbao kwa gurudumu, inatosha.

Jeki sasa imefungwa kwa mkanda nyuma ya mlango wa kuteleza, natoa bila kugusa godoro. Mbao zilikuwa hapo pia lakini moja haikai, imeshapata kazi jikoni, na safari iliyopita ya Amboseli nilipoitafuta kwa tochi niliikuta ina harufu ya kitunguu na alama za kisu upande mmoja. Nimeambiwa nitumie upande ule mwingine.