Kesi dhidi ya Serikali: anzia kwenye notisi

Mdogo wangu, umeuliza wakili mchanga anayetaka kesi kubwa za biashara na Serikali ajifunze nini kwanza. Utaratibu. Kesi nzuri nyingi hufia hapo, shahidi hajaapa bado, na inauma. Kwa Tanzania, Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki, kwa wizara au idara husika, inayoeleza msingi wa madai, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, kisha shauri Mahakama Kuu. Tangu marekebisho ya 2020, hata ukiidai halmashauri, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye shauri kama mdaiwa. Ukimwacha, mwenendo mzima unabatilika. Nakala yako ya notisi igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Na soma kifungu cha usuluhishi kwenye mkataba, kile kinachopeleka mgogoro kwa msuluhishi badala ya mahakamani, kabla hujaandika hati ya madai.