Baba haumwi kiuno, mbona wanasema ni figo?

SWALI: Shikamoo mama nesi. Baba yangu ana miaka 58, anaendesha lori la Tunduma. Ana presha ya siku nyingi, ila dawa humeza akijisikia vibaya tu. Mgongo ukimkaza safarini hununua diklofenaki. Juzi kapimwa damu, kreatini (uchafu ambao figo hutakiwa kuutoa) ni 210, akaambiwa aende kwa bingwa wa figo. Amegoma. Anasema haumwi kiuno, mkojo anapata, na wanaokwenda huko huishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Jirani anamletea dawa ya mizizi na madafu ya "kusafisha figo". Tufanyeje?
Binti wa kwanza, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi chumba cha kusafisha damu miaka 14, na maneno ya baba yako nimeyasikia mno, tena kwa watu walioletwa wamebebwa: "Lakini sikuumwa kiuno!" Kiuno kinachouma mara nyingi ni misuli au pingili. Figo zinazoliwa na presha au sukari hufa kimya. Mkojo hutoka vizuri tu, huku uchafu ukibaki kwenye damu.

Nimepiga hesabu kwa umri wake. 210 ni sawa na figo kuchuja mililita 31 hivi za damu kwa dakika. Figo nzima huchuja 90 na zaidi. Mashine huanza kuzungumzwa kiwango kikishuka karibu na 15. Baba bado ana akiba, na bingwa kazi yake ni kuilinda. Akingoja, anaweza kuishia kulala kwenye mashine mara tatu kwa wiki, saa nne nne. Lori la Tunduma atalipeleka siku gani?

Namba moja haitoshi, kwa hiyo kipimo kirudiwe ndani ya wiki mbili. Mkojo upimwe protini, damu ipimwe potasiamu (aina ya chumvi ya mwili) na sukari. Apigwe na altrasaundi. Kwa mwanamume wa umri wake tezi dume ikivimba huziba njia, figo zikaumia kwa kurudishiwa mkojo, na hilo likiwahiwa hutibika.

Diklofenaki aache leo. Hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na kwa mwenye presha ni kuongeza moto. Mgongo ukiuma, parasetamo kwa kipimo chake. Dawa ya presha ni kila siku, hata akijisikia mzima. Mizizi aiache. Madafu nayo yasubiri majibu: yana potasiamu nyingi, na figo zikishindwa kuitoa, moyo unaweza kusimama ghafla. Maji anywe kwa kiu yake.

Akivimba uso au miguu, akahema kwa shida au mkojo ukapungua, msingoje miadi, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Siku ya kliniki abebe dawa zake zote kwenye mfuko, na ile chupa ya mizizi pia. Daktari anahitaji kuiona.